Ng'ambo ya Songwe

Mto Songwe unapita katikati ya lugha ya mama yangu. Upande wetu tunaitwa Wanyakyusa, ng'ambo wanaitwa Wangonde, na mtu akisema "ugonile" asubuhi anaitikiwa kote kuwili. Nimekulia Tukuyu, na kutoka Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu hata nusu siku kwa basi haifiki. Lakini nilivuka miaka arobaini kabla sijakaa kwa dhati na mtu wa kule. Na sikukaa naye Kyela wala Karonga. Nilikaa naye Mavivi, nje kidogo ya mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, sote tumevaa bereti za bluu, mimi na bendera ya Tanzania begani, yeye na ya Malawi.

Nilikuwa Sajenti wa JWTZ, dereva wa lori la maji. Tulifika Beni mwishoni mwa Agosti 2018, kikosi chetu kikiwa ndani ya ile brigedi ya kujibu mashambulizi iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Machi 2013 kwa azimio namba 2098. Nchi tatu ndizo zilizotoa askari tangu mwanzo: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Waliotutangulia walishiriki kuwang'oa waasi wa M23 kwenye vilima vilivyo juu ya Goma mwaka huohuo. Sisi tulikuta vita ya namna nyingine. Waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, hawakai mahali wakasubiri. Wako msituni, wanawachinja wanakijiji wakitoka mashambani, na wewe unafika ukikuta moshi. Tena tulifika Ebola ikiwa na mwezi mmoja tu, ilitangazwa tarehe 1 Agosti katika eneo hilohilo la Beni, na mpaka inatangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200.

Ebola ilituondolea kupeana mikono. Mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi, ambaye humpa mkubwa wake mkono kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, anajikuta anamsalimia mzee wa miaka sabini kwa kiwiko, baada ya kunawa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso. Nilisikia vibaya kila siku. Nadhani ndiyo maana mambo mengine ya heshima, yale yasiyohitaji mkono, yalinikaa sana moyoni mwaka ule.

La kwanza lilinitokea mimi mwenyewe, na mkosaji nilikuwa mimi.

Saa ya Beni iko nyuma ya saa ya nyumbani kwa saa nzima. Wiki za mwanzo sikuibadilisha saa yangu ya mkononi. Nilitaka nikiitazama nijue kwamba kule Tukuyu watoto wamekaa kula, au mke wangu anafunga duka. Nikajiambia kuwa huo nao ni uzalendo: mwili uko Kongo, saa iko Tanzania. Nilipohitaji saa ya kazi nilipunguza moja kichwani.

Usiku mmoja wa mvua, baada ya siku mbili za kuhangaika na lori kwenye tope, kichwa kikasahau kupunguza. Nilikuwa kwenye lindo la ndani, maegesho ya magari, ambako mtu hukaa peke yake. Zamu yangu ilikuwa iishe saa nane usiku. Nikatazama mkono, nikaona saa nane, nikaenda kumwamsha aliyenifuata, kijana mmoja wa Pemba, cheo chake chini ya changu. Akainuka bila neno. "Sawa, afande." Akavaa koti la mvua, akachukua silaha, akaenda. Mimi nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi Sajini Taji akasoma kitabu cha lindo na kuniita. Yule kijana alikuwa ameandika saa aliyopokea: saa saba. Alijua. Alikuwa na saa yake, aliitazama palepale kitandani, akaona nimemwibia saa nzima ya usingizi, naye alikuwa na doria alfajiri. Sajini Taji akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Afande, nilidhani Sajenti amechoka sana."

Nimepigiwa kelele na wakubwa maisha yangu yote ya jeshi, tangu ukuruta. Hakuna kelele iliyowahi kunichoma kama sentensi ile iliyosemwa taratibu, kwa sauti ya kisiwani, na mtu ambaye ningeweza kumtuma kuosha tairi. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Si jambo la kawaida mwenye cheo kumwomba radhi wa chini yake kwenye foleni, na nilisikia foleni nzima imenyamaza. Sajini Taji hakunipa adhabu niliyoitarajia. Alisema tu, "Mwili upo Beni, saa iwe Beni. Tanzania utaikuta." Akasubiri mpaka nilipozungusha sindano mbele yake.

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii. Nilikuwa nimeigeuza nchi yangu kuwa kitu cha kutazamia mkononi, halafu nikamdhulumu Mtanzania mwenzangu aliyelala hatua ishirini kutoka kwangu.

La pili ni la mama wa maparachichi. Kwenye barabara itokayo Beni kwenda Oicha kina mama huuza pembeni: maparachichi, ndizi, sombe iliyokwisha twangwa (kisamvu kwetu), lengalenga, yaani mchicha. Tulisimama, na kijana mmoja wa ulinzi wa lori langu akachukua maparachichi matano, akatupa franka mia tano wakati mama alisema elfu. Mama akalalamika. Kijana akamcheka. Hakucheka bei, alicheka Kiswahili chake. "Kiswahili gani hiki, mama?" na wengine garini wakacheka naye.

Ni ugonjwa wetu huu, na nausema kwa sababu nilikuwa nao. Sisi Watanzania tunakwenda Kongo tukiamini Kiswahili ni mali yetu na wenzetu wamekiazima wakakiharibu. Tunasikia "batoto," "bantu," "minakwenda," tunatabasamu kama mwalimu anayesikiliza mtoto wa darasa la kwanza. Hatukumbuki kwamba lugha hiyo ilifika kwao zamani kabla babu zetu wengi wa bara hawajaijua, na kwamba ndani ya Kiswahili hichohicho wamezika watu wao, wamebembeleza watoto, wameombea amani.

Yule mama hakunyanyua sauti. Alimtazama begani, pale kwenye bendera, akasema, "Weye si Mutanzania? Nilisikiaka Batanzania beko bantu ba heshima."

Nilizima gari. Nilimshusha yule kijana, akavua kofia ya chuma, akalipa iliyobaki, akasema pole kwa sauti ya kusikika. Njiani nilimwambia yale niliyokuwa nayajua kwa saa mbili tatu tu zaidi yake: yule mama hatakwenda Dar es Salaam, hatamwona Rais wetu, hataona Kilimanjaro. Tanzania yote aliyojaliwa kuiona ni ile inayoshuka kwenye lori letu. Ikishuka na dharau, basi nchi yetu ina dharau, na wimbo wa taifa hautafuta. Na kwa mambo makubwa kuliko maparachichi ni hivyo hivyo. Kila mlinda amani anaijua aibu iliyoletwa na askari wa mataifa mbalimbali waliowatumia wanawake na wasichana wenye njaa. Kwangu mimi, mtu wa namna hiyo ameivua bendera begani kwa mkono wake mwenyewe, hata kama bado imeshonwa pale.

Baadaye nikawa nasimama kwa yule mama hata nisipohitaji kitu. Aliniuliza, "Uko na batoto bangapi?" nami nikamjibu watatu, na mara ya tatu nikajikuta nasema "batoto batatu" bila kukusudia kumwiga. Akafurahi sana.

Nisije nikaonyesha kwamba watu wote walitupenda. Septemba 22 mwaka ule waasi waliingia hadi mjini Beni na kuua raia. Siku zilizofuata maduka yalifungwa, mji ukawa kimya, na tulipopita kwenye deraya na malori yetu tulitazamwa kwa macho ambayo nisingependa mwanangu atazamwe nayo. Mawe yalitupwa. Mwanamke mmoja alisimama katikati ya barabara akauliza, "Muko hapa kufanya nini?" Hakuna aliyemjibu. Mauaji katika eneo lile yalikuwa yameanza Oktoba 2014, miaka minne tayari, na Umoja wa Mataifa ulikuwepo muda wote huo. Nilikuwa na bunduki, nilikuwa na kofia ya chuma, na sikuwa na jibu. Tulichoweza kumpa siku ile ni kutomwonyesha mtutu wala kumfokea, tukasubiri mpaka alipoondoka mwenyewe.

Sasa niseme habari za rafiki yangu Mmalawi.

Wamalawi walichota maji kwetu kwa muda, tangi lao lilikuwa na hitilafu. Koplo wao mmoja alikuja akanisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shida, kisha akageuka akamwambia mwenzake neno ambalo nililielewa bila kutafsiriwa. Nikamwambia, "Ugonile." Akaachia ndoo. Alikuwa Mngonde wa Karonga. Tangu siku hiyo tukawa tunakaa pamoja jioni, yeye akiniita "achimwene" kwa Kichewa mbele ya wenzake, na tukiwa wawili tunaongea lugha ya mama zetu. Chakula chake anakiita nsima, changu nakiita ugali, na sufuria ni moja.

Halafu tukagombana juu ya ziwa.

Mimi nalijua kama Ziwa Nyasa, kama nilivyofundishwa shule ya msingi, na ninajua mpaka unapita katikati ya maji. Yeye analijua kama Ziwa Malawi, na anajua kwamba mpaka uko ufukweni kwetu, kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Mgogoro huo ni wa tangu enzi za Mwalimu Nyerere na Dkt. Banda, na ulipamba moto tena mwaka 2012 kwa habari za utafutaji wa mafuta, hadi marais wastaafu wa nchi nyingine za kusini mwa Afrika, akiwemo Joaquim Chissano wa Msumbiji, wakaingia kusuluhisha. Jioni ile tulichora ramani chini kwa kijiti. Yeye akachora mstari wake, mimi nikaufuta kwa buti, nikachora wangu. Akaufuta. Sauti zikapanda, watu wakaanza kutazama. Askari wawili wa nchi mbili zenye kesi ya mpaka, wamesimama kwenye ardhi ya nchi ya tatu, wote wana silaha.

Aliondoka bila kuaga. Siku mbili hakuja yeye kuchota maji, alituma mwingine. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akasimama kwenye foleni kama kawaida. Nikajaza tangi lao mpaka juu. Akasema, "Ugonile." Nikasema, "Ee, ndaga." Tukakaa. Hatukuwahi kukubaliana. Tulichokubaliana ni kwamba kila mmoja ataliita ziwa kwa jina lake na mwenzake hatamsahihisha. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa: anasema samaki wa Ziwa Malawi, mimi nasema ndiyo, wale wa Nyasa ni watamu.

Kabla ya hapo niliamini kwamba anayeipenda nchi yake dhidi ya yangu ni mtu wa kumtilia mashaka. Kumbe uzalendo wake haukuwa mdogo kuliko wangu hata kidogo, na ndio uliomfanya auelewe wa kwangu. Angeliacha ziwa kirahisi, ili tu anifurahishe, nadhani ningemwamini zaidi kwenye maneno na kidogo sana kwenye lindo.

Tarehe 14 Novemba 2018 vikosi vyetu pamoja na jeshi la Kongo vilikuwa kwenye operesheni eneo la Kididiwe. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Mavivi na lori langu, na niliyoyajua yalikuja kwa vipande, kama yanavyokuja kwa mtu wa nyuma: redio, helikopta, nyuso za matabibu. Walinda amani saba waliuawa, Wamalawi sita na Mtanzania mmoja.

Nilimkuta rafiki yangu amekaa juu ya kreti la risasi tupu, buti hazijafungwa kamba. Nikamwambia kwa Kichewa neno nililokuwa nalijua, "Pepani." Akaniambia kwa Kiswahili, "Pole." Tukanyamaza. Msiba ulikuwa kwao na kwetu, na kila mmoja alichukua neno la mwenzake kwa sababu la kwake lilikuwa halitoki.

Habari kamili ya Praiveti Chancy Chitete, mmoja wa wale Wamalawi sita, tuliipata baadaye kidogo. Koplo mmoja wa Tanzania alikuwa amejeruhiwa vibaya, hawezi kusogea, yuko wazi kwenye risasi. Chitete akatoka alipokuwa, akamburuta hadi mahali pa usalama, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na katika kufanya hivyo akapigwa yeye. Yule koplo wetu alipona. Chitete alikufa.

Mengi yamesemwa juu ya kitendo hicho na yote ni haki yake. Mimi nitaongeza nililoliona na ambalo halikuandikwa popote. Kwa wiki nzima baada ya msiba ule, Wamalawi waliokuja kuchota maji waliniuliza jambo moja kabla ya yote: "Koplo wetu anaendeleaje?" Walisema wetu. Walikuwa wamezika, au walikuwa wanasafirisha miili ya ndugu zao sita, na kila jioni walitaka kuhakikisha kwamba mtu yule ambaye mwenzao alimtoa chini ya risasi bado anapumua. Nilikuwa nakwenda kuuliza kwa watu wetu wa tiba ili nisikose la kuwaambia.

Desemba ilikuwa ngumu. Tarehe 7 ilitimia mwaka mmoja tangu kambi yetu ya Semuliki ishambuliwe, ambapo Tanzania ilipoteza askari 15 na Katibu Mkuu António Guterres akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika miaka ya karibuni. Baadhi ya waliokufa kule walikuwa wameketi darasa moja na watu wa kikosi chetu. Siku mbili baadaye ikawa Desemba 9. Nyumbani mwaka ule sherehe za Uhuru hazikufanyika, fedha zake zilielekezwa kujenga hospitali Dodoma. Sisi tulipandisha bendera asubuhi, kimya kimya, tukaimba. Pembeni walisimama Waafrika Kusini wachache na baadhi ya Wamalawi. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ni ya Enoch Sontonga, na Waafrika Kusini wanayo ndani ya wimbo wao, basi wakaingia nao, kila mtu kwa lugha yake, chini kwa chini. Nimeimba wimbo ule tangu nikiwa na miaka saba. Siku ile nililazimika kutazama buti zangu.

Mei 2019 ukafika mwezi wa Ramadhani. Yule kijana wa Pemba alikuwa anafunga, na ratiba ilimwangukia zamu ya magharibi. Nilikwenda kwa Sajini Taji nikaomba zamu hiyo niishike mimi, mwezi mzima, ili afuturu na wenzake. Hakuuliza sababu. Kijana aliuliza. Nikamwambia nina deni lake la saa moja tangu mwaka jana. Alisema, "Afande, hilo lilikwisha." Nikamwambia kwangu halijakwisha. Kila jioni alikuja kunipokea akiwa na tende mbili kwenye kitambaa, na mimi Mlutheri nikala tende za futari siku zote zile. Katika mwezi huohuo, tarehe 24 Mei, mjane wa Chitete alipokea New York nishani ya ushujaa iliyopewa jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla hajauawa. Rafiki yangu alinionyesha picha kwenye simu. Aliishika ile simu kwa mikono miwili.

Nilistaafu kwa mujibu wa sheria mwaka 2021, nikarudi Tukuyu kwenye migomba na chai. Machi 2023 kimbunga Freddy kikaipiga kusini mwa Malawi, Blantyre ikafunikwa na maporomoko, watu wengi wakafa. Serikali yetu ikapeleka helikopta mbili za jeshi pamoja na askari, na unga wa mahindi, mablanketi na mahema. Nilikuwa nimempigia rafiki yangu siku kadhaa bila kumpata. Jioni moja akapiga yeye. Alikuwa amepelekwa Blantyre kwenye uokoaji.

"Achimwene, niko na vijana wenu hapa. Tunashusha magunia."

Nikamuuliza wanaongea naye lugha gani. Akasema Kiswahili, kile nilichomfundisha Mavivi, na kwamba wanakicheka.

"Wanakucheka vibaya?"

"Hapana. Wananifundisha."

Akampa mmoja wao simu. Sauti changa, ya mtu aliyebeba mizigo siku nzima: "Jambo, afande." Nikaitika. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na sikujua nianzie wapi, basi nikamuuliza saa yake ya mkononi inasema saa ngapi.

"Saa kumi na moja jioni, afande."

Yangu, Tukuyu, ilisema saa kumi na mbili.